Unga Wote Uloweshwe

Jina la Mama Unga hakupewa kwa sababu ya mtoto, maana mtoto hakujaliwa. Alipewa na kiwanda. Kila jioni alitoka chumba cha kuchanganyia dawa akiwa mweupe kuanzia kope hadi viatu, kofia na barakoa zikiwa zimesalimu amri, na mlinzi wa getini hakuchoka kumuuliza kama mashine ya kusaga imeshafungwa au bado kuna foleni. Yeye naye hakuchoka kujibu kwamba foleni ipo, ila walinzi hawahudumiwi.

Aliingia pale akiwa msichana wa kuosha chupa za dawa ya kikohozi. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la bati lenye mashine moja ya kupiga vidonge iliyokohoa kuliko wagonjwa. Akapandishwa kubandika lebo, akapandishwa kupima, mwisho akakabidhiwa chumba cha kuchanganyia na wasaidizi wawili wa kuwafokea. Ukimweleza mtu wa mtaani kazi yake, atasema ni kazi ya jikoni, na hatakuwa amekosea sana. Unga wa dawa unapimwa, unachekechwa, unatiwa kwenye mashine. Pembeni, katika sufuria kubwa la mvuke, unapikwa uji mzito wa wanga. Uji unamiminwa kwenye unga mpaka ushikane, donge linapitishwa kwenye chekecheke pana, linatandazwa kwenye trei na kuingizwa katika tanuri la kukaushia. Likitoka humo limekuwa chembe kavu ambazo mashine inaweza kuzigandamiza. Pasipo uji, unga hauwi kidonge.

Kiwanda kilipanda pamoja naye, na kilichokipandisha ni sheria. Najua inashangaza, kwa kuwa tumezoea sheria za kutushusha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuna kitu kinaitwa hataza, yaani haki anayopewa mgunduzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake kwa miaka kadhaa. Sheria ya zamani ya hataza ililinda njia ya kutengeneza dawa, haikulinda dawa yenyewe. Kampuni ya ng'ambo ikigundua dawa, njia yake ni yake. Wewe ukipata njia nyingine ya kufika kwenye dawa ileile, haya, tengeneza, hakuna wa kukushika mkono. Wakemia wa nchi moja ya mbali wakapata njia nyingine chungu nzima, wakauza unga kwa bei ya kuvumilika, na viwanda kama hiki vikaununua na kuugeuza vidonge. Banda la bati likawa jengo la ghorofa. Wafamasia waliokuwa wakihitimu na kuishia kuuza sabuni madukani wakaanza kugombewa.

Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo moja ambayo Mama Unga aliichanganya roho ikiwa mkononi. Ilikuwa dawa ya mdogo wake.

Huyo mdogo aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa bado anatambaa, na dada yake wa kuosha chupa akawa mama kabla hajajua kufunga kilemba vizuri. Wanaume wawili walikuja kuposa kwa nyakati tofauti. Wote waliambiwa kwamba pana mtoto, na wote wakakumbuka wana safari. Kitinda akakua, akawa fundi cherehani wa sare za shule, mwenye mikono myepesi na ulimi usiojua kupumzika. Kisha akaanza kuchoka. Akaanza kupata michubuko mahali ambapo hakujigonga. Hospitali ikasema ni saratani ya damu, ila ni ile aina ambayo siku hizi inadhibitiwa na kidonge kimoja kila siku, maisha yote, bila kukosa.

Kidonge cha kampuni ya ng'ambo kiligharimu kwa mwezi zaidi ya mshahara wa Mama Unga na cherehani ya mdogo wake vikiwekwa pamoja. Kidonge cha kiwandani kwao kilitolewa hospitali kwa bei ya kawaida. Kila jioni, baada ya kula, Kitinda alikiweka kiganjani, akakigeuza kama mnunuzi sokoni.

"Dada, hiki cha leo umekinyima chumvi."

"Meza, usinitie wazimu."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, na yalikuwa mazuri kuliko wengi wanavyodhani.

Kisha wakubwa wakatia saini mkataba wa biashara. Ndani yake, katikati ya mambo ya ushuru na mazao, mlikuwa na ahadi kwamba nchi itaandika sheria mpya ya hataza. Sheria mpya ililinda dawa yenyewe. Hata uifikie kwa njia uliyooteshwa usingizini, dawa ni ya mwenyewe, na kwa dawa ya Kitinda miaka ya mwenyewe ilikuwa bado mingi. Ile nchi ya mbali iliyouza unga nayo ilikuwa imebanwa kwa mkataba wa namna hiyohiyo. Ilituma shehena ya mwisho, mapipa sita, na ujumbe wa kuomba radhi.

Bosi wa kiwanda, mzee mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alibaki na matumaini mawili. La kwanza lilikuwa kifungu ndani ya sheria yenyewe: mkupuo wowote wa dawa, yaani kiasi kinachochanganywa kwa mara moja, ulioanza kutengenezwa kabla sheria haijaanza kazi uliruhusiwa kumalizwa na kuuzwa. La pili lilikuwa leseni. Serikali ilikuwa na uwezo wa kukiruhusu kiwanda kitengeneze dawa yenye hataza, mwenyewe apende asipende, kama afya ya watu inadai hivyo. Bosi alikuwa ameshaiomba. Aliambiwa faili limefika mezani. Na yeyote aliyewahi kufuatilia jambo ofisini anajua faili linaweza kukaa mezani mpaka meza ichoke.

Mapipa sita yalikwama forodhani. Leo karatasi hii, kesho muhuri ule. Yalifika kiwandani asubuhi ya siku ya mwisho. Sheria ingeanza saa kumi na moja jioni, ofisi zikifungwa.

Pamoja na mapipa walifika watu wawili. Mmoja alikuwa mkaguzi wa serikali, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwingine alikuwa wakili wa kampuni ya ng'ambo, kijana nadhifu ambaye hata katika kofia ya plastiki ya kiwandani alionekana amechana nywele. Walipewa viti kwenye korido, mbele ya dirisha kubwa la kioo la chumba cha kuchanganyia. Swali la kwanza la wakili lilikuwa la msingi, na sina sababu ya kumchukia kwa kuliuliza: mkupuo unahesabiwa umeanza lini? Unga ukifika? Ukipimwa? Wakabishana kidogo, kisha mkaguzi akatoa uamuzi. Mkupuo umeanza uji ukigusa unga. Kabla ya hapo unga unaweza kurudi kwenye pipa lake. Baada ya hapo hauwezi tena.

Kila pipa ambalo uji ungeligusa kabla ya saa kumi na moja lilikuwa la kiwanda. Lingine lolote lingefungwa kwa lakiri ya serikali, lingoje leseni.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu hapa ndipo yote yalipoharibikia. Tanuri la kukaushia lilibeba mapipa mawili kwa siku. Donge lililoloweshwa halisubiri. Kwa dawa hii, likilala mbichi usiku kucha, maji yanaanza kuivunja.

Mfamasia wa ubora alilisema hilo mapema, mbele ya bosi na mbele ya Mama Unga, wakiwa wamesimama kando ya mapipa. Alikuwa msichana wa haja, aliyehitimu juzijuzi, na wafanyakazi walimwita Bi Kipimo kwa sababu hakuna jambo aliloliamini kabla halijapimwa.

"Tuloweshe mawili," alisema. "Manne yabaki makavu, yafungwe. Unga mkavu kwenye pipa lake unakaa miaka miwili bila shida. Leseni ikija, tunaendelea."

"Na isipokuja?" Mama Unga aliuliza.

"Isipokuja tutakuwa na mawili mazuri."

"Mawili ni ya miezi mingapi kwa wagonjwa wote?"

Bi Kipimo aliyatazama mapipa. "Michache."

Mama Unga akamgeukia bosi. "Bosi, tanuri lilipoharibika ule mwaka, dawa ya maumivu tuliikausha vipi? Tulitandaza trei korido nzima, tukawasha feni, tukageuza kila wakati mpaka ikakauka. Haikutupwa hata trei moja."

"Dawa ya maumivu haijali maji," Bi Kipimo alisema. "Hii inajali."

"Mwanangu, mimi nimekuwa kwenye chumba hiki tangu hujazaliwa."

"Najua, mama. Na ninakuheshimu. Lakini hii inajali."

"Leseni iliyo kwenye faili haimezwi," alisema Mama Unga.

Bosi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavuta mikono ya sweta. Alijua kuhusu Kitinda. Wote walijua. Hakuna aliyelitamka jina hilo, na pengine kama mtu angelitamka mambo yangekwenda vingine, maana jambo likishasemwa linaweza kupimwa. Lilibaki limesimama katikati yao kimya. Bosi akasema, "Mama Unga, chumba ni chako. Amua."

Naye akaamua. "Unga wote uloweshwe."

Kukagua karatasi, kupima na kuchekecha unga kulikuwa kumekula mchana, na saa tisa ilikuwa imepita. Mashine ya kuchanganyia ilichukua pipa moja kwa wakati, na kila pipa lilitaka muda wake; kwa mwendo huo wangefikia la tatu saa ikiwa imekwisha. Mama Unga akaamuru masinki ya chuma na mabeseni makubwa yaoshwe kwa spiriti, yapangwe sakafuni. Wangemwaga uji kwa mkono. Wasaidizi wake wawili walitazamana, kwa sababu katika chumba hicho mtu alikuwa akifokewa kwa kugusa tu ukingo wa chombo bila glavu, na leo mwenyewe alikuwa amepiga magoti katikati ya mabeseni kama aliyevamiwa na wageni wa ghafla.

Uji ulikuwa bado moto. Uji wa moto unaiumiza dawa, lazima upoe. Alitumbukiza kipimajoto, akakitazama, akakitumbukiza tena. Alitamani aupulize kwa mdomo. Nyuma ya kioo mkaguzi alikuwa amesimama, kalamu mkononi, na kila uji ulipogusa unga aliitikia kwa kichwa na kuandika. Pipa la kwanza. La pili. Yale mawili yakaingia kwenye mashine, yakachanganywa kama inavyotakiwa. La tatu likamwagwa kwenye masinki, la nne pia, wasaidizi wakikoroga kwa miiko mirefu huku jasho likidondokea ndani ya barakoa.

Wakili alisogea hadi kwenye tundu la kuzungumzia lililokuwa kwenye kioo. Hakuwa na kejeli. Alikuwa na udadisi wa mtu ambaye hajawahi kuona kitu anachokitetea kikitengenezwa.

"Mama, samahani. Kwa nini haraka hii yote? Kampuni yangu ina mpango wa kuwasaidia wasiojiweza."

"Una fomu zake hapo?" Mama Unga aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ziko kwenye tovuti."

"Basi mwambie tovuti anisaidie kushika mwiko."

Kijana akatabasamu kidogo, akarudi kitini. Alitazama saa yake, kisha akaificha kwa mkono wa shati, kama aliyeona haya.

Pipa la tano liliingia saa ikiwa inasogea pabaya. Kufika la sita, sufuria la uji likaonyesha chini. Msaidizi mmoja alikuwa ameshapika jipya, ila lilikuwa halijashika. Lilikuwa jepesi, la kunywewa na mgonjwa. Mama Unga alilitazama lile sufuria. Uji mwepesi maana yake maji mengi, na maji mengi maana yake donge lililolowa kupita kiasi, gumu kukauka. Hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Angeweza kuinua mkono hapohapo, akasema hili la sita liacheni, lifungwe.

Mkaguzi aligonga kioo kwa kidole. Ilikuwa karibu.

Akaumimina. Mkaguzi akaandika, akavua miwani, akasema, "Limeingia." Bosi alijiegemeza ukutani. Mmoja wa wasaidizi akacheka kwa sauti ya juu, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, na Mama Unga mwenyewe, uji hadi kwenye viwiko, akajiona ameishinda nchi nzima. Mapipa sita. Mdogo wake alikuwa ameongezewa miaka. Bi Kipimo pekee ndiye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kupanga trei.

Usiku uliofuata nitauruka. Waliokuwapo hawapendi kuusimulia, na mimi sioni faida ya kuwalazimisha. Walitandaza, waligeuza, walizungusha feni, walipokezana. Inatosha kusema kwamba kulipokucha korido nzima ilikuwa imejaa trei, kuanzia mlango wa maabara hadi ngazi, na mapipa mawili ya kwanza yalikuwa yametoka kwenye tanuri makavu na meupe.

Mengine hayakuwa meupe. Rangi ilikuwa imeanzia pembeni mwa trei ikaingia ndani, rangi ya chai iliyokamuliwa majani mara ya pili. Trei za pipa la sita zilikuwa zimebadilika kabisa. Mama Unga alipita katikati yake polepole. Alichukua chembe moja, akaivunja kwa ukucha, akaona ndani bado kuna unyevu. Moyo wake ulikuwa umeshajua, lakini mdomo ulikataa.

"Pima," alimwambia Bi Kipimo. "Rangi si kitu. Pima."

Bi Kipimo akapima. Alipima siku nzima, akarudia, akabadilisha chombo na kurudia tena, na kila mtu aliyemwona akitoka maabara aliacha alichokuwa akifanya. Jioni alikuja na majibu. Katika mapipa manne yaliyokaushwa koridoni, dawa ilikuwa imevunjika. Hata pipa moja halikufaa. Kilichobakia humo kingeweza kumdhuru mtu kuliko kumsaidia.

"Tuyabadilishe na mengine," alisema msaidizi, kijinga, kwa uchungu tu.

Hakukuwa na mengine. Na hata yangekuwapo, mkaguzi alieleza kwa upole, uji usingeruhusiwa kuyagusa. Saa ilikuwa imepita.

Dawa mbovu haitupwi jalalani, inachomwa mbele ya mashahidi. Mama Unga aliomba aimimine mwenyewe kwenye tanuri la kuchomea taka. Wakili alikuja kushuhudia, akatia saini, akampa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. Siku ileile, wakiwa wawili tu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Bi Kipimo alikaa kando yake kwenye benchi.

Mama Unga alingoja neno moja: nilikwambia. Alikuwa amejiandaa kulipokea. Halikuja.

"Ningekuwa na mdogo," alisema Bi Kipimo, "huenda ningefanya hivyohivyo. Ndiyo maana sikupaswa kukuachia uamue."

Lilimuuma kuliko lile alilolitarajia.

Vidonge vya mapipa mawili vilikwenda hospitali, vikawa vinatolewa kidogokidogo. Kiwanda kikanywea. Dawa moja baada ya nyingine iliondoka kwenye mashine kadiri sheria mpya ilivyozifikia, na mashine zikafunikwa maturubai. Wafanyakazi wakapunguzwa. Ghorofa ya juu, palipokuwa maabara ya majaribio, pakawa ghala la katoni: kampuni za ng'ambo zilileta vidonge vilivyokwisha tengenezwa, na watu waliojua kutengeneza dawa wakalipwa kwa kuvitia kwenye vikasha. Mama Unga akahamishiwa huko. Alikuwa sasa akitoka kazini msafi, nguo kama alivyozivaa asubuhi, na mlinzi wa getini alimfungulia bila kusema kitu.

Kitinda hakuambiwa yaliyoyapata mapipa. Aliambiwa kwamba sheria imezuia, na kwamba bosi ameomba leseni. Hayo yote yalikuwa kweli. Kila mwezi Kitinda alipokwenda hospitali kuchukua dawa zake, Mama Unga alimsubiri mlangoni, akimtazama mikono kwanza kabla ya uso, aone kama amerudi na chupa. Akirudi nayo, alipumua. Kisha alianza upya kuhesabu kimoyomoyo vilivyosalia ghala la hospitali. Alivijua, yeye ndiye aliyevichanganya. Alikonda. Kitinda akamtania kwamba katika nyumba hii mgonjwa ananenepa na mzima anakonda, waende wakaulize huko hospitali kama wamebadilishiwa mafaili.

Mwezi mmoja hospitali ikamwambia Kitinda kwamba chupa anayopewa ni ya mwisho.

Na ndani ya mwezi huohuo, leseni ikatoka.

Bosi aliwaita wote kwenye ukumbi wa chini asubuhi. Aliisoma karatasi kwa sauti, yote, pamoja na vifungu. Serikali imeridhika kwamba afya ya wananchi inadai. Kiwanda kinaruhusiwa kutengeneza dawa iliyotajwa kwa ajili ya soko la ndani, kwa kutumia malighafi yoyote iliyopo au itakayopatikana. Alipofika kwenye neno "iliyopo" alisimama, akaendelea. Hakuna aliyepiga makofi. Macho hayakumgeukia Mama Unga; yalikwenda kila mahali isipokuwa kwake, na hilo ndilo lililomwonyesha kwamba wote walikuwa wanawaza jambo moja. Bosi akasema amepeleka watu watafute unga kwingine. Nchi zilizokuwa zikiuza zimefungwa na mikataba yao. Labda kuna mahali pamoja. Labda mwakani.

Habari ya redio ikamtangulia nyumbani. Alimkuta Kitinda amesimama nje ya mlango, futi ya fundi ikining'inia shingoni, uso umemkunjuka kama wa msichana.

"Dada, umesikia? Waziri mwenyewe kasema. Mmeruhusiwa. Nimekatisha sketi za watu nikusubiri." Alimshika mkono, akamvuta ndani. "Mnaanza lini? Kesho?"

Mama Unga alikaa kwenye kiti cha wateja, kando ya cherehani. Hakuvua mtandio.

"Leseni ipo," alisema. "Unga haupo."

"Si mlikuwa na mapipa? Uliniambia yalifika."

"Yalifika sita. Bi Kipimo alitaka mawili yaloweshwe, manne yabaki makavu, yafungwe, yangoje leseni. Mimi nikasema yote. Nikayalowesha yote. Manne yakaoza, tukayachoma."

Kitinda alikuwa bado ameshika mkono wake. Hakuuachia, ila vidole viliacha kubana.

"Yangekuwapo leo," alisema.

"Yangekuwapo."

"Ulidhani leseni haitakuja."

"Nilidhani utakufa kabla haijaja."

Nje watoto walikuwa wakigombea mpira. Kitinda alisikiliza ugomvi wao mpaka ukaisha. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakuwa na utani wa kuutia mahali hapo, na dada yake aliona jinsi alivyoutafuta na kuukosa. Kisha akainuka, akaleta chupa ya dawa, akavimimina vidonge juu ya kitambaa cha kupigia pasi. Havikuwa vingi.

"Bi Kipimo wenu anasemaje kuhusu nusu?" aliuliza. "Mtu akimeza nusu."

"Anasema nusu haitoshi. Anasema ugonjwa unaweza kuizoea dawa."

"Na mtu asipomeza kitu?"

Mama Unga alivihesabu vile vidonge kwa macho.

Kitinda akavuta droo ya cherehani, akatoa wembe wa kufumulia mishono, akaufuta kwa pindo la gauni na kumpa dada yake. "Basi kata."

Kidonge kile hakikuwekewa mstari katikati, kwa kuwa hakikutengenezwa kikatwe. Mama Unga alikilaza kitambaani, akakishika kwa kucha mbili, akakandamiza. Kilipasuka vibaya. Kipande kimoja kilitoka kikubwa, kingine kidogo, na unga kidogo ukamwagika kati yake.

Kitinda alilowesha kidole kwa ulimi, akaugusa ule unga, akaulamba wote. Kisha akachukua kile kipande kidogo, na kile kikubwa akakirudisha kwenye chupa, cha kesho.